Kiti cha Mgeni

Ukisifiwa sana Gisenyi, anza kujiuliza umekosea wapi. Sisemi kwa mzaha. Huku kwetu mgeni haambiwi ubaya. Akileta zawadi isiyo na maana, hiyo ndiyo hasa iliyokuwa ikingojewa. Akiimba vibaya kanisani, sauti yake imewabariki watu. Anapewa kiti, na kabla hajakikalia kinapanguswa kwa ncha ya kitenge hata kama hakina vumbi. Analetewa Fanta inayofunguliwa mbele ya macho yake. Na lolote atakalouliza, jibu ni kwamba mambo ni mazuri, mazuri sana, ashukuriwe Mungu. Ukweli wanaambiwa watu wa nyumbani. Mtu wa nyumbani hapewi kiti, anapewa kazi.

Tabia hii nimeiandika katika kila ripoti niliyowahi kuiwasilisha, maana kazi yangu ni kuuliza watu maswali. Nilisomea namna watu na kompyuta wanavyoelewana, au niseme kweli, namna wasivyoelewana. Wazazi wangu walirudi kutoka Tanzania nikiwa bado nabebwa mgongoni, na Kiswahili walichorudi nacho ndicho ninachosema mpaka leo. Sokoni wananicheka kwamba nazungumza kama redio. Chuoni tulifundishwa kukaa pembeni na kumtazama mtu akihangaika na kifaa bila kumsaidia, kisha kuandika alichofanya, si alichosema. Tulisoma tafiti za watu waliotumia maisha yao kuthibitisha mambo ambayo mama yangu angewaambia bure: kwamba simu moja huwa ya watu wengi, kwamba mtu hukisifu kifaa mbele ya aliyekileta, kwamba anayechora na anayetumia hawaishi mtaa mmoja. Hata hivyo niliyapenda masomo hayo. Nilipoajiriwa na ofisi moja ya ubunifu hapa mjini, katika nyumba ya zamani inayotazama ziwa, niliamini kwamba wameniita ili yaliyogunduliwa na watafiti yafike mikononi mwa watengenezaji. Niliamini kwa moyo mweupe kabisa. Nikikumbuka naona aibu, kama mtu anayetazama picha yake ya zamani amevaa suti ya kuazima.

Kazi kubwa ya kwanza niliyopewa ilikuwa ya kreshi.

Kreshi ni nyumba ya kulelea watoto wadogo, karibu na Petite Barrière, pale watu wa miguu wanapovuka mpaka kutoka Rwanda kuingia Goma, Kongo. Kila alfajiri akina mama wanashuka kutoka Cyanzarwe na vilima vya jirani, karoti na kabichi kichwani, mtoto mgongoni, wakavuke kuuza Goma. Kuvuka na mtoto ni mateso. Kuna foleni, kuna jua, kuna kusukumana, na ukishafika upande wa pili kuna kutembeza mzigo mlango kwa mlango. Kwa hiyo mtoto anaachwa huku. Zamani waliachwa kando ya barabara, kwenye mkeka wa mama mmoja aliyekaa nao siku nzima chini ya mwavuli. Baadaye wafadhili wakajenga nyumba, wakachora twiga na vipepeo ukutani, na mama yule yule wa mwavuli akaajiriwa kuwa mlezi mkuu. Akapewa aproni ya kijani na mshahara wa mwezi, wa kwanza tangu arudi kutoka Kongo. Ofisi yetu ikapewa kutengeneza programu ya tableti, ya kupokea watoto asubuhi na kuwatoa jioni.

Siku ya kwanza nilifika na begi la ofisi, nikasimama mlangoni nikisubiri kukaribishwa. Mlezi aliniangalia juu mpaka chini, akanipachika mtoto mwenye nguo mbichi.

“Shika huyu. Ule mwingine analia.”

“Mama, nimekuja kuangalia tu mnavyofanya kazi.”

“Bon. Angalia na mikono basi.”

Hakunipa kiti siku hiyo wala siku zilizofuata. Nilikaa kwenye mkeka kama watoto, na kila nilipotaka kuandika kitu nilikuta mikono yangu imeshapewa mtu. Sitaki kumfanya malaika. Alikuwa na ulimi mkali, na akinuna ananuna wiki nzima. Aligombana na mpishi juu ya uji mwepesi, na aliwanywesha watoto chai ya sukari aliyokatazwa na muuguzi, chupa akiificha nyuma ya pazia. Ila alinisema mbele ya uso wangu, na hilo lilinifurahisha kuliko shahada yangu. Nikivaa sketi ndefu aliniambia nitaangusha mtoto. Nikiuliza swali la kijinga aliniambia ni la kijinga. Aliniita mutoto yangu.

Kuna siku mvua ilipiga mpaka barabara ikawa mto mweusi wa mchanga wa volkano. Tulisimama mlangoni tukiitazama, yeye na mimi, kila mmoja na mtoto mgongoni.

“Unaona pale?” alisema, akionyesha kwa mdomo ng’ambo ya barabara. “Pale ndio nilikuwa naketi nabo. Mvua inapiga, mavumbi inapiga, pikipiki zinapita karibu na miguu ya batoto. Mi pale sirudi tena. Hapa iko nyumba. Hapa nitazeekea.”

Nilimwambia programu yetu itamsaidia kazi iwe nyepesi. Aliguna.

Nilikaa kreshi muda wa kutosha kuona jambo moja ambalo kila kitu kilitegemea. Wale akina mama hawaendi mmoja mmoja. Wanakwenda kwa vikundi vya majirani wa kilima kimoja, na anayemaliza kuuza kwanza ndiye anayerudi kwanza na kubeba watoto wa kikundi kizima. Mmoja mgongoni, mmoja kifuani, mwingine anashikwa mkono, wanapandishwa nyumbani, wanapewa chakula, na mama zao wanawakuta huko jioni wameshalala. Hakuna aliyelipanga hilo kwenye mkutano. Ndivyo wanavyoishi. Halafu kuna suala la simu. Wengine wanaiacha nyumbani kwa kuogopa kunyang’anywa. Wengine, wakishavuka, wanachomoa laini ya Rwanda na kuifunga kwenye fundo la kitenge, wanaweka laini ya upande wa pili. Ukimpigia mama wa kreshi mchana, hayupo. Simu yake haipo, au ipo lakini ni ya nchi nyingine.

Niliyaandika yote haya. Nikachora kwenye karatasi ya manila namna programu inavyoweza kuwa: asubuhi mama anagusa picha za wenzake anaotembea nao, na jioni yeyote kati yao akifika, picha yake inatokea, mlezi anaulinganisha uso na picha, mtoto anatoka. Basi. Wala hakikuwa kitu cha ajabu. Ni vile vile walivyokuwa wakifanya, ila sasa na tableti.

Mkurugenzi wetu alikulia Uganda. Ni mtu nadhifu, hodari, asiyechelewa mahali, na Kiswahili chake ni kifupi kama amri. Aliisikiliza hotuba yangu mpaka mwisho, akauliza swali moja.

“Mtoto mmoja akichukuliwa na mtu mbaya, nani atajibu? Wewe?”

Lilikuwa swali zuri. Mpaka leo nalihesabu kuwa zuri. Nilimjibu kwamba mlezi anawajua wanawake wote kwa sura, na picha zingekuwepo kumsaidia. Akasema mfumo hauwezi kutegemea kichwa cha mtu, maana kichwa kinasahau. Watengenezaji walikuwa wameshaona mfumo mwingine wa nchi za mbali: mlezi anagusa picha ya mtoto, namba ya siri inatumwa kwenye simu ya mama, mama anaionyesha, mtoto anatoka. Salama kabisa, katika nchi ambako kila mzazi anakuja na gari lake na simu yake mkononi. Kulikuwa pia na kitufe chekundu cha kumtoa mtoto bila namba, lakini hicho kilikuwa cha msimamizi aliye ofisini. Mlezi akikigusa bila ruhusa, jina lake lingetokea papo hapo kwenye skrini za wafadhili, na kazi yake ingekuwa imekwisha.

Uamuzi ulipitishwa Nyamyumba, kwenye warsha, watengenezaji wamekunja suruali na kutumbukiza miguu kwenye chemchemi za maji moto. Nilisimama kandokando na manila yangu imelowa mvuke. Mmoja alisema kazi yangu imempa mengi ya kufikiria, huku akijimwagia maji kwenye magoti. Mkurugenzi akasema vikundi vitaingia kwenye toleo la pili.

Toleo la pili! Ofisini kwetu toleo la pili ni kama mbinguni: mema yote yako huko na hakuna aliyewahi kufika. Viziwi wako kwenye toleo la pili. Wasiojua kusoma wako kwenye toleo la pili. Ripoti yangu yenyewe iliwekwa chini ya projekta, kuinyanyua kidogo ili picha ikae sawa ukutani. Nimeikuta hapo kwa macho yangu, imebonyea pembeni. Niliitoa. Kesho yake ilikuwa imerudishwa, kwa sababu picha ilikuwa imepinda.

Kisha wakaenda kuijaribu programu kwa watumiaji. Nilisema wazi wasiende wao, waniache niende peke yangu na nikae kwenye mkeka. Walikwenda gari zima, na kreti ya Fanta. Viti vikapangwa, vikapanguswa. Akina mama walioacha karoti zao juani waliitwa mmoja mmoja, wakaonyeshwa tableti, wakaulizwa wanaionaje. Nzuri. Nzuri sana. Imetusaidia sana, Mungu awabariki. Hakuna aliyekuwa ameitumia hata mara moja. Nilikaa nyuma nikiuma meno nikiwatazama wenzangu wakivishwa kilemba cha ukoka na kukivaa kwa raha.

Ni mlezi peke yake aliyeharibu sherehe.

“Hii kitu haiko muzuri,” alisema, mbele ya mkurugenzi na wageni wake wote. “Ile namba itaenda kwa telefone, telefone iko Goma, mama iko Goma. Mi nitafanya nini na mutoto? Nitamukaanga?”

Wote walicheka. Hata mimi nilicheka, kwa furaha, nikidhani amesikika. Kwenye muhtasari wa siku ile iliandikwa kwamba mlezi mmoja bado ana hofu ya teknolojia.

Programu ikaanza kutumika. Siku za mwanzo akina mama walijipinda kuifuata. Waliokuwa na simu walizibeba, wakalipia laini mbili, wakarudi kila mmoja kwa wakati wake, wengine wakiacha mzigo haujaisha. Waliolalamika walilalamika kwa mlezi, mlezi akalalamika kwangu, mimi nikalalamika ofisini, na ofisini wakafurahi kwamba tunapata maoni.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa mchana wa kawaida. Nilikuwa kreshi kwa kazi ya kutazama matumizi, na sheria ya kazi hiyo ni ile ile ya chuoni, usimsaidie mtumiaji. Ghafla watu wakaanza kutoka mpakani wakikimbia, mabeseni tupu mikononi. Mpaka umefungwa mapema. Hakuna aliyejua kwa nini, na mpakani ukiuliza kwa nini unapata sababu nyingi kuliko watu. Waliowahi walikuwa wamevuka. Waliobaki walikuwa wamebaki.

Mwanamke wa kwanza wa kikundi kimoja cha Cyanzarwe aliingia akihema. Alikuwa amekuja kuchukua watoto wa wenzake kama kawaida yao, na wenzake wote walikuwa ng’ambo. Yeye mwenyewe simu alikuwa ameiacha nyumbani. Kati ya watoto wale kulikuwa na msichana mdogo sana, bado ananyonya, ambaye tangu adhuhuri alikuwa na homa. Mlezi alimkanda kwa maji mpaka mikono ikakunjamana, lakini mwili ulikuwa unazidi kuchemka, na kilio chake kilikuwa kimeshapungua, kimekuwa kama mlio wa paka. Kilio kikishafika hapo mtu mzima hasubiri.

Mlezi aligusa picha ya mtoto. Tableti ikaandika, subiri uthibitisho. Namba ilikuwa imetumwa kwenye laini iliyofungwa ndani ya fundo la kitenge, upande wa pili wa mpaka uliofungwa. Akagusa tena. Subiri uthibitisho. Akanigeukia.

“Mutoto yangu, sema kitu.”

Nilimpigia mkurugenzi. Nilimweleza mpaka, nikamweleza homa, nikamweleza kwamba aliyekuja ni jirani wa mama na mtoto anamjua, amemkumbatia shingoni hapa mbele yangu. Nikamwomba aidhinishe.

“Siwezi kuidhinisha mtu nisiyemwona,” alisema. “Wafadhili wanaona kila kitu moja kwa moja. Mama yake atafika.”

“Mpaka umefungwa.”

“Basi ngoja niulize Kigali. Nitakupigia.”

Hakupiga. Nilimpigia mimi tena na tena, simu ikaita mpaka ikachoka. Nilikuwa na hasira, na ile hasira haikuwa na pa kwenda. Mlezi alikuwa ananitazama. Alipoona nimeshusha simu, alivuta tableti.

“Hii nyekundu inafanya nini tena? Nikumbushe.”

“Inamtoa mtoto bila namba. Lakini, mama, watajua ni wewe.”

“Banijue.”

Akaigusa kwa dole gumba, polepole, kama mtu anayeweka dole kwenye kitambulisho. Akamfunga yule mwenye homa mgongoni kwa jirani, akakaza kitenge mwenyewe, akamwambia apite kituo cha afya kabla ya kupanda nyumbani. Kisha akarudi kwa mwingine, na mwingine, na kila picha ilipotokea aliigusa ile nyekundu. Mimi nikawafunga viatu. Alipomaliza kikundi hicho kikaja kingine. Mpaka jioni hakubaki mtoto hata mmoja, na mlezi akafagia, akavua aproni, akaitundika kwenye msumari wake. Alinishika bega akapita.

Mpaka ulifunguliwa kesho yake. Kila mama alimkuta mtoto wake nyumbani, amekula, amelala. Yule wa homa alikuwa ameshapewa dawa na ananyonyeshwa na jirani. Hakuna aliyepotea, hakuna aliyechukuliwa na mtu mbaya. Hayo nilidhani ndiyo yatakayozungumzwa.

Kilichozungumzwa ni alama nyekundu. Skrini ya ofisi ilikuwa imejaa, na wafadhili walikuwa wameshaandika kuuliza. Mlezi aliitwa. Meza ilikuwa ndefu, viti vya ofisi upande mmoja, kiti kimoja upande wa pili, na jina langu lilikuwa limeshawekwa upande wa ofisi. Nilisema yote. Nilisema nilikuwepo, nilisema nilipiga simu, nilisema nilikuwa nimeyaandika haya kabla programu haijaanza. Sauti ilinipanda. Mkurugenzi alinishukuru kwa mchango wangu na akaniomba nitulie. Nilipogeuka kumtazama mlezi, hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama begi la ofisi lililokuwa mapajani mwangu.

Alifukuzwa kwa kukiuka utaratibu wa usalama wa watoto. Yeye! Maelezo niliyoyaandika ya siku ile niliyasoma baadaye kwenye ripoti yetu ya kupendeza. Mahali nilipoandika kwamba mlezi alikataa kuwaacha watoto wangoje, pameandikwa kwamba mlezi alichanganyikiwa na hatua za mfumo. Mapendekezo: mafunzo zaidi kwa walezi. Walimfukuza kwanza, kisha wakapendekeza afundishwe.

Msiniulize kwa nini sikuacha kazi. Nimeshaulizwa na kaka zangu, ambao hawalipi dawa za mama yetu. Nilibaki kwa shingo upande, na nilibaki nikiwa na hasira, nikifika asubuhi na kuondoka jioni bila kumsalimu mtu vizuri. Nilijiambia pia kwamba nikiondoka hatabaki hata mmoja wa kusema. Nilikuwa nasema. Toleo la pili lilikuwa likija.

Mlezi mpya alikuwa msichana msafi aliyejua tableti. Alifuata hatua zote. Na kreshi ikaanza kupungua watu. Asubuhi ungewaona akina mama wa Cyanzarwe wanapita mbele ya twiga na vipepeo bila kugeuza shingo, wanakata kona, wanapandisha kichochoro. Baada ya muda mkurugenzi aliniita.

“Kafanye utafiti,” alisema. “Tunataka kujua kwa nini hawaji.”

Nilimkodolea macho. Hakuwa anatania. Alikuwa ananitazama kwa upole kabisa, kalamu mkononi, akisubiri nimwambie nitahitaji siku ngapi.

Nilipandisha kichochoro. Sikuhitaji kuuliza njia, watoto walikuwa wanasikika. Hakuwa amerudi barabarani. Alikuwa amewaweka kwenye baraza ya nyumba yake, turubai juu, mikeka chini, na mwavuli wa zamani umefunguliwa kwenye pembe inayovuja. Nilitembea haraka. Wiki hizo zote nilikuwa nimetaka kuja na nimeshindwa kujua nije na uso gani. Sasa nilijikuta nanyoosha mikono kabla sijafika, nikingoja anipachike mtu.

Mlezi aliniona. Akasimama.

“Karibu, madame,” alisema.

Akaingia ndani, akatoka na kiti. Kiti cha mbao chenye mto, cha sebuleni. Akakiweka mahali pakavu, akachukua ncha ya kitenge chake, akakipangusa. Pa kukalia, halafu nyuma, halafu mikono ya kiti yote miwili. Hakikuwa na vumbi.

“Mama, nitakaa hapa kwenye mkeka.”

“Hapana, hapana. Kaa, madame. Kaa muzuri.”

Nilikaa. Ningefanya nini? Fanta ililetwa, ikafunguliwa mbele ya macho yangu. Aliniuliza habari za ofisi, nikasema si nzuri, akasema Mungu atasaidia. Nilimuuliza kuhusu yeye, akasema yuko salama kabisa. Akina mama wawili waliokuwa wananyonyesha walifunika vifua vyao wakakaa wima. Nilitaka kulia. Nikaamua kumuuliza moja kwa moja, kama yeye alivyokuwa ananiuliza mimi.

“Mama, niambie kweli. Ile programu unaionaje?”

“Iko muzuri,” alisema. “Iko muzuri sana. Mi sina shida nayo hata kidogo.”

“Mama, ni mimi.”

“Minajua. Kunywa Fanta, itapata moto.”

Niliandika alichosema, na chini yake nikaandika maana yake kwa kirefu, nikieleza tena tabia yetu ya kiti, ya Fanta na ya mgeni. Mkurugenzi alichukua mstari wa kwanza. Leo hii umebandikwa ukutani ofisini kwa herufi kubwa, Iko muzuri sana, na chini yake imeandikwa: mlezi, Rubavu, jina la wilaya yetu. Wageni wanapigia picha hapo.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Pale barazani nilikuwa bado nimekaa, chupa mkononi. Yule msichana mdogo wa homa alikuwa ameshajua kutambaa. Alinitazama kidogo, akavuka mkeka, akashika sketi yangu kwa mikono iliyojaa uji, akajivuta akasimama, akacheka. Niliweka chupa chini. Nikanyoosha mikono kumpokea.

Mlezi alikuwa ameshafika. Alimnyanyua kwa haraka, akamfuta vidole, akamhamishia kiunoni kwake.

“Wacha, maman,” alimwambia mtoto. “Utachafua mugeni.”